Wati 75

Anayeunda kompyuta ya magemu akiwa na fedha tele hafanyi kazi ngumu. Anachukua kilicho ghali kuliko vyote dukani, na kosa lake, hata likiwepo, linafunikwa na ukubwa wa vifaa. Mwenye fedha kidogo hana pa kujificha. Ndiyo maana nashikilia kwamba ufundi wa kazi hii huonekana zaidi kwenye mashine ya bei nafuu, ile ambayo kila kifaa kimepimwa kwa kingine.

Msingi wake mara nyingi ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Prosesa yake, tuseme Core i5 ya kizazi cha 4 yenye viini vinne, bado ina nguvu. Kinachokosekana ni kadi ya picha. Hapo ndipo mtihani ulipo. Pawa saplai ya mashine hizi, hasa zile nyembamba, hutoa wati 240 hivi, wala haina nyaya za ziada za kulishia kadi kubwa. Lakini tundu la kadi kwenye ubao mama lenyewe hutoa hadi wati 75. Fundi anayeijua namba hiyo hutafuta kadi inayotosheka nayo, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ile fupi ikiwa kasha ni jembamba, na Grand Theft Auto V ikachezeka vizuri. Kisha anaigeukia ramu: vipande viwili vya gigabaiti 4 huipa prosesa njia mbili za kusomea, ilhali kimoja cha 8 huipa njia moja. Ujazo wa ramu ni uleule, kasi si ileile. Watu wa Ugogo, mkoani Dodoma, wanaujua ulinganifu wa namna hii tangu zamani. Katika ilimba, ala ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya Ulaya, kila chuma husikilizwa pamoja na vingine, na kimoja kikipotoka wimbo wote unapotoka nacho.

Dodoma yenyewe inaongeza sharti lake. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya pwani. Hilo ni dogo. Kubwa ni vumbi la kiangazi, linaloingia kila ufa na kuwa blanketi juu ya prosesa. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: feni za kuingiza hewa zizidi nguvu zile za kuitoa, na mlango wa kuingilia hewa ufunikwe kwa kitambaa chepesi cha wavu. Hewa ikizidi ndani ya kasha, hutoka kupitia nyufa, na vumbi hukosa njia. Sijui kifaa cha bei kubwa kinachonipendeza kama kitambaa hicho.

Wapo watakaosema, nunua PlayStation ya mtumba, yaishe. Kwa anayetaka mpira tu sebuleni na wenzake, wana haki. Ila kadi inayochora nyasi za uwanja huweza pia kuchora jengo zima kwa Blender, programu isiyolipiwa, na katika mji wenye Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, mashine ya kuchezea na kusomea ikiwa moja, mzazi amelipa mara moja. Wengine wanahofia uchakavu, na hofu yao ni ya kweli: diski ngumu iliyochoka isikubaliwe hata kwa bure, na SSD mpya ndiyo ilipiwe kabla ya pambo lolote. Kadi ya mtumba nayo isinunuliwe ikiwa imezimwa. Fundi makini huomba iwashwe, ipewe gemu zito kwa nusu saa, naye akakaa hapo akiisikiliza feni, kiganja chake mbele ya matundu ya kutolea hewa, akipima joto linavyopanda.