Dhambi, Wokovu na Tumaini: Uhakiki wa Istilahi Tatu za Waraka kwa Warumi

Anayetaka kuchunguza namna istilahi zinavyofaulu au kushindwa si lazima aanze na fizikia au sheria. Kabla ya Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki kuundwa mwaka 1930, na muda mrefu kabla Baraza la Kiswahili la Taifa halijaanzishwa mwaka 1967, watafsiri wa Maandiko ya Kikristo walikwisha kukabiliana na swali linalotukabili sisi leo: dhana ngeni ipewe neno lililopo, au neno jipya? Na neno likishapatikana, litunzwe vipi lisipoteze kazi yake?

Makala haya yanahakiki istilahi tatu katika Toleo la Muungano, yaani Biblia iliyotolewa mwaka 1952 kwa ajili ya wasemaji wa lahaja mbalimbali za pwani na bara. Tumeuchagua Waraka kwa Warumi kwa kuwa ni hoja moja ndefu. Mtume Paulo anaanza na mwanadamu aliye chini ya dhambi, anaendelea na wokovu utolewao kwa neema na kupokewa kwa imani, kisha anafikia tumaini. Katika hoja ya namna hiyo kila istilahi ni kiungo cha mnyororo, na kiungo kimoja kikilegea, msomaji hupotea.

Tuanze na dhambi. Neno hili ni la asili ya Kiarabu, na wamisionari walilikuta limekwisha kuota mizizi katika mafundisho ya Kiislamu ya pwani. Wapo wanaodai kwamba neno kosa lingefaa zaidi, kwa sababu hamartia ya Kiyunani ilikuwa na maana ya kukosa shabaha, na kitenzi chetu kukosa kina maana iyo hiyo. Hoja hiyo yapendeza masikioni, lakini haitoshi. Maana ya istilahi hukaa katika matumizi ya wasemaji, wala haikai katika asili ya neno peke yake. Kosa ni la wote: mwanafunzi hulifanya katika hesabu, na mahakama huhukumu kosa la jinai. Dhambi ni jambo la mtu mbele ya Mungu wake, na hakimu hana sehemu ndani yake. Watafsiri walifanya vyema kuyatumia maneno yote mawili na kuyagawia kazi. Katika sura ya 5 kitendo cha Adamu kimeitwa kosa, na nguvu iliyoingia ulimwenguni kwa kitendo hicho imeitwa dhambi.

Hata hivyo ipo tahadhari moja ya kisarufi. Dhambi haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaoonyesha tofauti. Katika sura ya 5 hadi ya 7 Paulo huizungumzia dhambi kwa umoja, kama mfalme anayetawala. Penye dhambi iliingia, maana ni dhahiri. Lakini katika fungu kama ondoleo la dhambi, idadi imefichika, na msikilizaji hajui kama lisemwalo ni deni moja kubwa au orodha ya makosa. Mfasiri anayeijua hatari hiyo ataongeza kivumishi au kimilikishi ili upatanisho ufanye kazi yake.

Istilahi ya pili ni wokovu, nayo twaihesabu kuwa ushindi wa Toleo hili. Imetokana na kitenzi cha nyumbani, kuokoa, ambacho kila mvuvi na kila mzazi anakifahamu. Imetenganishwa pia na ukombozi, neno lenye kumbukumbu ya kukomboa kitu kilichowekwa rehani au mtu aliyetekwa. Ndilo lililotumika katika sura ya 3 penye maana ya kufunguliwa kwa kulipiwa. Mgawanyo huo umestahimili majaribu. Ukombozi uliingia katika siasa, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994. Serikali ilipohitaji jina la kazi ya kuwatoa watu katika moto na mafuriko, ilinyambua uokoaji kutokana na kitenzi kile kile, wala haikuugusa wokovu. Hakuna anayechanganya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na mahubiri ya Jumapili. Na kwa mtu aliyeokoka, wasemaji waliazima mlokole kutoka Kiganda, kwa njia ya uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930.

Kasoro iko katika istilahi ya tatu. Kiyunani kina neno moja, elpis, kwa dhana ya tumaini katika waraka wote, na kitenzi chake ni cha mzizi huo huo. Toleo la Muungano limelivunja neno hilo vipande viwili. Ibrahimu wa sura ya 4 anatarajia. Waumini wa sura ya 5 wana tumaini. Katika sura ya 8, aya ya 20 ina tumaini, na aya ya 24, hatua nne tu mbele, ina taraja. Kisha sura ya 12 na ya 15 zinarudi kwenye tumaini.

Watetezi watasema kwamba kubadilisha maneno ni pambo la lugha. Katika utenzi twakubali. Katika hoja, hapana. Sheria ikisema mwajiri katika kifungu cha 5 na tajiri katika kifungu cha 8, wakili atauliza, kwa haki kabisa, kama hao ni watu wawili. Utetezi wenye uzito zaidi ni kwamba kutumaini humaanisha pia kutegemea, na watafsiri yamkini waliogopa mchanganyiko mahali ambapo Paulo anazungumzia kungojea kisichoonekana. Lakini gharama yake ni kubwa. Mwalimu wa katekisimu akilifuata neno tumaini kutoka sura hadi sura, atairuka aya ile ambayo Paulo anaeleza tumaini ni nini: kwamba kinachoonekana hakiwi tumaini tena. Atafika sura ya 15, inayofundisha kwamba Maandiko yaliandikwa ili watu wawe na tumaini, bila ya kuwa na fasili yake mkononi.

Tena, lugha haikusimama tangu 1952. Taraja kama nomino imefifia, na matarajio yamehamia katika bajeti na mipango. Mtumishi hutarajia mshahara mwisho wa mwezi, kwa kuwa hesabu imekwisha kufanywa. Mama aliye kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa hutumaini. Matarajio hutegemea hesabu. Tumaini humtegemea mtu. Paulo alikuwa upande wa yule mama. Biblia ya Habari Njema, iliyokamilishwa katika miaka ya 1990, iliirudisha aya ya 24 kwenye matumaini, na katika jambo hilo twaiunga mkono.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tumaini litumike kwa dhana hii mahali pote katika tafsiri na vitabu vya shule, na matarajio yaachiwe wapangaji wa uchumi. Fundisho hili linatuhusu hata sisi tunaotafsiri miswada na miongozo. Neno zuri likipatikana, kazi imefika nusu. Nusu iliyobaki ni kulirudia neno lilo hilo kila dhana yake inaporudi, hata kama sikio linatamani jingine.