Mkate, Jembe na Tamko: Uyahudi wa Kila Siku Usomwapo Kutoka Migato

Utangulizi

Makala haya yanahusu fasihi ambayo wahakiki wetu wengi huipita bila hata kuiamkia. Si riwaya wala tamthilia. Ni yale maneno mafupi ambayo Myahudi mwenye kuishika dini yake huyatamka kabla ya kumega mkate, anapoona umeme, anapoonja tunda la kwanza la msimu, na hata anapotoka msalani, akishukuru kwamba matundu ya mwili wake yanafanya kazi. Katika Talmudi, Rabi Meir anafundisha kwamba mtu anawajibika kutamka baraka mia moja kwa siku. Mia moja, jamani! Ukiondoa saa za usingizi, hiyo ni baraka moja kwa kila dakika kumi hivi.

Swali langu ni moja: maneno haya yanampa mtu maana ya kiroho ndani ya maisha yake ya kawaida, au yanampumbaza tu? Katika semina yetu mwenzangu mmoja aliliweka kwa lugha ya mtaani: "Hivi kubariki ugali kunaongeza bei ya pamba?" Tulicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Ndilo swali ambalo uhakiki wa Kiswahili umeiuliza kila kazi ya fasihi kwa miaka mingi: inamtumikia nani?

Mimi natoka Migato, katika Wilaya ya Itilima, sehemu iliyokuwa ya Bariadi kabla Mkoa wa Simiyu na wilaya hiyo havijaundwa mwaka 2012. Kwetu hakuna sinagogi. Kuna pamba, mtama, mahindi, ng'ombe na jua la kutosha. Uyahudi nimeufikia kwa maandishi, yaani Mishna na Talmudi katika tafsiri, na kwa sauti, yaani albamu mbili za Abayudaya wa Mbale, Uganda, zilizotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 na 2013. Nazisoma na kuzisikiliza kwa sikio la mtu aliyekua akisikia jembe likiimbiwa.

Fani ya baraka

Darasani tumezoea kuitia sala katika kapu la mazungumzo, tukifuata mgawanyo wa tanzu sita za fasihi simulizi aliouchapisha Mulokozi katika Mulika namba 21 mwaka 1989. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Lakini baraka ya Kiyahudi ina tabia inayoisogeza karibu na semi. Ni fupi, haibadilikibadiliki, na imefungwa kwenye tukio maalumu. Methali haisemwi hewani, nayo baraka kadhalika. Tunda la mtini lina maneno yake, na kilichochimbwa ardhini kina yake. Divai ina yake, radi ina yake, upinde wa mvua una yake. Habari mbaya nazo zina baraka yake, inayomtaja Mungu kama hakimu wa kweli.

Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa inakubidi utazame. Hiki mkononi mwangu ni nini? Kimetoka mtini au ardhini? Nashawishika kusema kwamba baraka ni zoezi la kutazama kabla ya kuwa zoezi la kuomba. Mla viazi wa Migato anaijua tofauti ya michembe na matobolwa bila kufikiri: vile vimekaushwa vibichi, hivi vimechemshwa kwanza. Akilazimika kuitaja tofauti hiyo kwa sauti kila anapokula, na kusema asante kwa kila kimoja kwa jina lake, chakula hakitakuwa tena kitu cha kujaza tumbo tu.

Tutazame pia nafsi. Baraka huanza kwa nafsi ya pili: msemaji anamwambia Mungu "wewe", uso kwa uso. Halafu, katikati ya sentensi hiyo hiyo, inageuka na kumtaja Mungu kwa nafsi ya tatu, yeye afanyaye hili au lile. Mwalimu wa insha angeweka wino mwekundu hapo. Kwangu mimi kosa hilo la kisarufi ndiyo nguvu ya fani yenyewe. Sentensi inamkaribia Mungu kama jirani, kisha inarudi nyuma kwa heshima, kama mkwe anayemsalimu mama mkwe. Ukaribu na umbali vimebanwa katika pumzi moja.

Nani ameutoa mkate ardhini?

Sasa nije kwenye lawama. Baraka ya mkate inamsifu Mungu kwa kuutoa mkate ardhini. Mkulima yeyote wa Migato atauliza: mkate gani unaota? Ardhini hutoka punje. Kati ya punje na mkate kuna plau, palizi, mavuno, kupura, kupepeta, kusaga, na mwanamke aliyeinama jikoni machozi yakimtoka kwa moshi. Wote hao hawamo katika tamko lile. Hapo mwenzangu wa semina ana hoja nzito, kwani shukrani inayomruka mfanyakazi ndiyo kasumba yenyewe.

Lakini jadi hii inajijibu, na majibu yake mawili nayaona ya kifasihi kabisa. La kwanza ni la Ben Zoma, mwalimu anayetajwa katika Talmudi. Alijiuliza Adamu alitaabika kiasi gani kabla ya kula tonge la kwanza. Akazihesabu kazi moja moja: alilima, akapanda, akavuna, akafunga matita, akapura, akapepeta, akasaga, akakanda, akaoka, ndipo akala. Mimi, anasema, naamka na kuyakuta yote haya yako tayari mbele yangu. Akazihesabu vivyo hivyo kazi za nguo, tangu kukata manyoya ya kondoo hadi kufuma. Hapo mfanyakazi amerudishwa mezani kwa njia ya orodha.

Jibu la pili ni orodha kubwa zaidi. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inataja kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato. Kumi na moja za mwanzo ni njia ya mkate, tangu kupanda hadi kuoka. Kumi na tatu zinazofuata ni njia ya nguo. Tisa ni za ngozi, tangu kumnasa swala hadi kuandika herufi mbili na kuzifuta. Sita za mwisho ni kujenga na kubomoa, kuzima moto na kuwasha, kupiga pigo la nyundo, na kubeba mzigo kutoka mahali hadi mahali. Mtu wa nje anasoma makatazo. Mimi nasoma sifa. Hakuna aliyeketi na kuzitaja kazi za mikono kwa utaratibu huo kama hakuziheshimu. Inachekesha pia kwamba orodha inaanza na kupanda kabla ya kulima, na Talmudi inaeleza kuwa katika nchi ile ngumu walilima tena baada ya kumwaga mbegu. Usukumani wapo wanaomwaga mbegu kwanza, kisha plau inapita kuzifunika. Maelezo hayo hawayahitaji.

Na kukatazwa kwenyewe kunamtumikia nani? Taurati, katika Kumbukumbu la Torati, inasema wazi: apumzike mtumwa wako na mjakazi wako, apumzike ng'ombe na punda. Hii si lugha ya kumlaza maskini usingizi wa mawazo. Ni sheria inayomfunga mikono mwenye mali siku moja katika saba. Abraham Joshua Heschel, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu Sabato, aliiona siku hiyo kama jengo takatifu lililojengwa kwa muda badala ya mawe. Ni wazo zuri. Ila Heschel hakai sana jikoni. Chakula cha Sabato hupikwa kabla, na mzigo wa mpishi umehamia Ijumaa tu. Mhakiki anayewajali wanawake hana budi kuliweka jambo hili wazi, awe anasoma Uyahudi au desturi za Kisukuma.

Abayudaya: dini iliyojificha katika siku

Mpaka hapa huenda msomaji anasema haya ni mambo ya vitabuni. Twende Mbale basi, tuone maneno haya yalivyopimwa na maisha.

Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuitawala Uganda ya mashariki kisha akakorofishana nao, aliisoma Biblia, akaikubali sehemu ya Agano la Kale, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Mwaka 1922 akachapisha kwa Kiganda kitabu cha kanuni na sala. Alifariki 1928, lakini jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ikabaki ikilima vilima vya Mbale. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua nchi, na utawala wake ukaipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakahamia Uislamu au Ukristo. Inakadiriwa kwamba jumuiya ilipungua kutoka watu 3,000 hivi hadi 300 hivi.

Hao 300 walibaki na nini? Jengo hawana, rabi hawana. Walibaki na yale ambayo polisi hawezi kuyatia kufuli: kunawa mikono, kutokula vilivyokatazwa, kuacha jembe siku ya Jumamosi, na neno linalonong'onwa juu ya chakula mlango ukiwa umefungwa. Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Maana ya kiroho iliyowekwa hekaluni hufa hekalu likifungwa. Iliyofungwa kwenye tonge huishi maadamu watu wanakula. Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo hiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaanza. Sisi Watanzania tunaikumbuka vita ile kwa hesabu nyingine. Kule Mbale iliingia moja kwa moja katika sikukuu inayosimulia kutoka utumwani.

Katika miaka ya 1980 vijana wa jumuiya, miongoni mwao J. J. Keki na Gershom Sizomu, ambaye mwaka 2008 alipata daraja la urabi, walianza upya kwa nyimbo. Albamu ya 2003, iliyokusanywa na Jeffrey Summit, ni tunda la kazi hiyo. Zaburi zinaimbwa kwa Kiganda, kwa kiitikio na mwitikio, katika mahadhi ambayo mwenyeji yeyote wa Afrika Mashariki atayatambua. Ni albamu nzuri. Lakini nikiipima kwa kipimo cha Ben Zoma, inapungukiwa kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa yake bado ni ya ibada.

Albamu ya 2013 ndiyo iliyonishika. Chanzo chake ni ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ambao Keki aliuanzisha mwaka 2004 baada ya kuyashuhudia mashambulizi ya New York ya tarehe 11 Septemba 2001. Wanachama wake ni Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Waimbaji ni wakulima wenyewe. Wanaimba juu ya kupanda mibuni, juu ya bei ya haki, juu ya majirani wa dini tatu kuuza pamoja. Yule aliyeuliza kama kubariki ugali kunaongeza bei ya pamba asikilize hapa: sala na bei vimo katika wimbo mmoja na wala havigombani. Na tusidanganyane, wimbo haukuongeza bei. Ushirika ndio ulioitafuta. Wimbo uliwafanya watu wa dini tatu waonane kuwa wanastahili bei hiyo.

Mishna yenyewe inalinda mpaka huu. Inasema mtu anayerudi safarini, akasikia kilio mjini, kisha akaomba isiwe nyumbani kwake, sala hiyo ni ya bure, kwa maana lililotokea limekwisha kutokea. Baraka hairuhusiwi kuukana ukweli. Kasumba haina sharti la namna hiyo.

Migato tunajifunza nini?

Sisemi watu wa Migato wawe Wayahudi. John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi hatenganishi ya kidini na ya kidunia, na tangu hapo tumelinakili wazo hilo katika mitihani hadi limechakaa. Tatizo ni kwamba tunalisema kwa jumla. Uyahudi unaniuliza kwa rejareja: tamko lipi, kwa kitendo kipi, saa ngapi? Kwetu yapo. Ipo "mwangaluka" ya asubuhi, inayosemwa kwa kuinama. Zipo nyimbo za bugobogobo, ngoma ikitangulia mbele ya safu ya majembe. Frank Gunderson alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na haipendezi kwamba wengi wetu tuliozaliwa kwenye mashamba hayo tunazisoma kwanza kwa Kiingereza.

Wakati huo huo plau na trekta havihitaji safu ya waimbaji, na banamhala wanaozijua nyimbo hizo wanatutoka. Tukiendelea kuziita "nyimbo za burudani" katika tasnifu zetu, tutakuwa tumelifunga sinagogi letu kwa mikono yetu wenyewe, bila Amin yeyote kutuamuru.

Hitimisho

Baraka za Kiyahudi ni fasihi ya kweli, na inapimwa kama fasihi nyingine yoyote. Inafaulu inapomlazimisha mtu kutazama kilicho mbele yake na kuwakumbuka waliokifikisha hapo. Inashindwa inapomruka mpishi. Abayudaya wametuonyesha kwamba maneno ya namna hiyo yanaweza kuivusha jamii miaka minane ya giza na bado yakapata nafasi shambani kwenye kahawa. Kazi iliyobaki kwa mhakiki wa Kiswahili ni kwenda na daftari mahali ambapo watu wanalima, wanapika na wanasalimiana, na kuandika wanachosema wakati wakifanya hivyo. Ningependa toleo lijalo la jarida hili liwe na angalau makala moja ya aina hiyo, iwe ya Migato, ya Mbale au ya kwenu, msomaji.