Seremala wa Banda la Mbwa

Ukitaka kumjua seremala, usimpime kwa kabati la sebuleni. Kabati lina wageni wa kulisifu na mama mwenye nyumba wa kulifuta vumbi kila asubuhi, na bawaba ikilegea leo, kesho fundi anapigiwa simu. Zunguka nyuma ya nyumba, kule kwenye banda la kuku na karo la kufulia, uangalie mbwa amelazwa wapi. Kazi ile anayeitumia hawezi kuilalamikia, na aliyeilipia haingii ndani kuikagua. Kama mbao zimekutana vizuri hata huko, basi umempata fundi.

Huku Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, banda la mbwa ni jambo la lazima. Mvua zinaanza Novemba na kunyesha mpaka Aprili, mwaka mwingine zikaingia na Mei, na zikikatika tu baridi inashika zamu. Juni na Julai ukungu unalala mabondeni hadi asubuhi imekwenda sana, na anayepita Makambako miezi hiyo anaujua upepo wake. Watu wanasema mbwa wa kienyeji amezoea. Amezoea kweli, lakini mazoea yana mpaka. Joto la mwili wa mbwa mzima wa afya ni kama nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na joto hilo linatoka kwenye chakula. Mbwa aliyelala kwenye tope usiku kucha anautumia mlo wake wote kutetemeka, halafu asubuhi tunamshangaa amekonda wakati ugali na dagaa anapewa kila siku.

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja fundi ambaye akiitwa kujenga banda hatoi futi mpaka mbwa alale. Anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anaongea na wenyeji habari za mahindi na bei ya mbolea, na jicho liko kwa mbwa. Akishajikunja ndipo mzee anasogea taratibu, anapima upana wa ule mviringo, kisha anamsubiri ainuke apime urefu kutoka puani hadi shina la mkia na kimo cha mabega. Nilimuuliza kwa nini asimpime akiwa amesimama tu, mambo yaishe. Akanijibu kwamba mbwa hasimami ndani ya banda, analala.

Humo ndimo ilimo nusu ya elimu ya kazi hii. Mwenye huruma asiyejua ufundi hujenga banda kubwa, akidhani ukubwa ni hisani. Lakini ndani ya banda hakuna jiko. Kinachopasha joto ni mwili wa mbwa mwenyewe, na chumba kikiwa kikubwa mwili huo unapasha hewa isiyomfikia. Mbwa mwenye kimo cha sentimita 60 na urefu wa sentimita 80 anatoshwa na pa kulala penye sentimita 90 kwa 70, na kimo cha kumwezesha kuingia, kugeuka na kujikunja. Mlango nao hauhitaji kufika kichwani kwake. Mbwa anajua kuinama, kwa hiyo usawa wa mabega, au chini yake kidogo, unatosha, na chini kuwe na kizingiti cha kama sentimita 12 ili matandiko yasitoke nje kila anapotoka.

Mlango usikae katikati. Mafundi wengi wanauweka katikati kwa sababu unapendeza machoni, na upepo unaingia moja kwa moja hadi ubavuni mwa mnyama. Mzee wetu anaurefusha ukuta wa mbele, anauweka mlango kwenye kona, kisha anasimamisha ubao mmoja ndani kutenga ukumbi mdogo na chumba. Mbwa anaingia, anakata kona, analala nyuma ya ubao. Mvua ya upande ikipiga inaishia ukumbini. Na banda zima linageuzwa lisitazame kusini-mashariki, unakotoka ule upepo ambao watu wa pwani wanauita kusi, maana miezi ya baridi hapa ndiyo miezi yake.

Mbao hazitusumbui sana. Shamba la miti la serikali la Sao Hill liko jirani zetu, Mufindi, na msindano unapatikana kila kona. Shida ni kwamba mbao za kando ya barabara mara nyingi ni mbichi, na mbao mbichi inapigiliwa ikiwa nene, inakauka ikiwa nyembamba. Banda lililofungana barabara mwezi wa Mei linakuwa na nyufa za kupitisha kidole ifikapo Agosti. Basi mbao zinapangwa kivulini, fito zikitenganisha kila tabaka ili hewa ipite, zinaachwa wiki kadhaa. Zikikauka zinapigwa kwa kulazana, ya juu ikiifunika ya chini kwa sentimita mbili tatu, na msumari unapita kwenye ubao mmoja tu bila kuushika ule wa chini yake. Mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, na ikibanwa juu na chini kwa pamoja itapasuka katikati.

Dawa ya mbao inataka uangalifu. Zile nguzo zenye rangi ya kijani zinatiwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Mchwa hawaigusi, lakini mbwa mdogo anayeota meno atatafuna chochote kilicho mbele yake, kuanzia kizingiti. Marekani mchanganyiko huo uliondolewa kwenye mbao za matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa banda, njia iliyo safi ni kulinyanyua juu ya matofali, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Hapo mbao haigusi udongo, mchwa akipanda tofali unaiona njia yake ya udongo mapema, hewa inapita chini ya sakafu, na haja ya dawa inapungua sana.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi ya yule mzee, ambacho hata aliyemlipa hakukiona. Akishakata ubao wa ukingo wa sakafu, ule unaochomoza kidogo nje ya ukuta, anaugeuza tumbo juu. Anaushika msumeno kwa wepesi na kukata mstari usiozidi kina cha ukucha, karibu na ukingo, kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao. Anaurudishia kifudifudi, anachukua kopo la maji na kuyamimina juu. Maji yanashuka ukingoni, yanageukia chini ya ubao yakitaka kutambaa kuelekea ukutani kama maji yanavyofanya siku zote, yanafika kwenye ule mkato na kukosa pa kushika. Yanadondoka, tone baada ya tone, mbali na ukuta. Bila mkato huo maji yangefuata tumbo la ubao hadi kwenye kiungo, yangekaa humo, na baada ya masika chache mbao ingekuwa laini ya kuchomeka kijiti. Ni kazi ya dakika moja, inafanyika mahali ambapo jicho halifiki, na inaliongezea banda miaka. Kwenye ncha za mbao anafanya vivyo hivyo: kabla ya kupigilia anazipaka rangi mara mbili, kwa kuwa ncha iliyokatwa inanyonya maji haraka kuliko ubavu.

Paa ni bati, lakini bati peke yake ni adui wa aina mbili. Mchana linachoma. Usiku wa baridi pumzi ya mbwa inagonga bati, inageuka matone, na yanamdondokea mgongoni, hata mwenye banda akaapa kwamba paa linavuja wakati halina tundu. Dawa yake ni dari ya mbao, papi juu yake, kisha bati, na kati yao nafasi ya hewa. Paa lielekee nyuma ili maji yasimwagike mlangoni, lichomoze pande zote upana wa kiganja, na lifungwe kwa bawaba ili lifunuliwe lote kama kifuniko cha sanduku. Banda lisilofunuka halisafishwi, na lisiposafishwa linakuwa shamba la kupe na viroboto. Kwa matandiko, nyasi kavu au maranda ya msindano yanayobaki chini ya randa yanashinda blanketi. Blanketi likilowa linakaa na maji. Nyasi zikilowa zinatupwa, zinawekwa nyingine.

Wapo jirani zetu ambao dini yao haiwaruhusu kumkaribisha mbwa ndani, na banda zuri la nje linawatosheleza wote wawili, mtu na mnyama. Mbwa wa wale vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf ya Kurani naye alikuwa kizingitini.

Lakini banda lote hilo halina maana ikiwa mbwa hawezi kulifikia, na hapa ndipo ninapowalaumu mafundi wengi. Wanajenga, wanalipwa, wanaondoka; kamba wanamwachia mtoto wa nyumbani atafute kipande cha waya. Mimi naamini kamba ni sehemu ya banda, kama mlango ulivyo. Mbwa hafi maji akiona ufuko, walisema wahenga, na walimsema mbwa aliye huru. Wa mnyororo anauona ufuko vizuri kabisa na anakufa maji. Siafu wakivamia ua usiku, paka anapanda ukuta, watu wanaamka na kutoka, na aliyefungwa anabaki. Nyuki wakichokozwa ni hivyo hivyo. Kumfunga mnyama ni kumwondolea kinga yake ya kwanza, miguu, na aliyemfunga anapaswa kumrudishia kwa mikono yake kila alichomwondolea.

Nguzo moja na mnyororo ni mpango mbaya kuliko yote. Mbwa anaizunguka nguzo, mnyororo unajiviringisha, na kufika saa saba mchana ana nusu mita ya uhuru juani, bakuli la maji limepinduka. Nguzo mbili zinaondoa balaa hilo. Kati yake inatandazwa kamba ya waya, juu kuliko kichwa cha mtu, na pete ya chuma inatembea juu yake ikiwa na mnyororo mwepesi ulioshuka. Mbwa anapata njia ndefu ya kwenda na kurudi. Kwenye waya, hatua moja kabla ya kila nguzo, pafungwe kizuizi ili pete isifike kwenye nguzo. Ncha zote mbili za mnyororo ziwe na kiungo kinachozunguka, la sivyo utajisokota. Urefu umwezeshe kulala ndani kabisa ya banda huku mnyororo ukiwa umelegea, lakini usimfikishe kwenye ukuta au uzio. Mbwa anayeruka uzio akiwa amefungwa anajinyonga upande wa pili, na hatabweka kuomba msaada.

Kulabu ya kuufungulia mnyororo ni bora iwepo pia upande wa pete, si shingoni peke yake. Mbwa aliyevamiwa na siafu anamng'ata hata bwana wake, kwa hiyo mkono wa mwokoaji usilazimike kupita karibu na mdomo.

Shingoni ni mkanda mpana wa ngozi au wa turubai, wenye nafasi ya vidole viwili. Mnyororo usivalishwe shingoni moja kwa moja. Mbwa mdogo anakua haraka kuliko kumbukumbu ya mwenye nyumba, na nimewahi kuona mkanda ulioingia ndani ya nyama, manyoya yakiufunika, familia nzima ikishangaa harufu inatoka wapi.

Kivuli nacho kinahama. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta: Juni jua linapita kaskazini na kivuli cha banda kinaangukia kusini, Desemba jua linapita kusini na kivuli kinahamia kaskazini. Waya unaopita upande mmoja tu wa banda utamnyima mbwa kivuli sehemu ya mwaka.

Desturi ya wengi wetu ni kumfunga mbwa mlinzi mchana na kumfungulia usiku geti likishafungwa, na naiona ni desturi ya busara pale ambapo uzio upo. Kwingine wamekwenda mbali zaidi. Ujerumani, tangu Januari 2023, haimruhusu mtu kumweka mbwa wa kufungwa isipokuwa kwa masharti machache. Jimbo la Texas, kwa sheria iliyoanza Januari 2022, limekataza minyororo kwa mbwa wanaofungwa nje bila mtu, na kamba isipungue futi 10 au mara tano ya urefu wa mbwa, kipimo kitakachozidi. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mtu angeisoma na kuishika, mbwa wengi wa nyuma ya nyumba wangepumua.

Matengenezo yanataka siku yake. Mimi napendekeza tarehe 28 Septemba au jirani yake, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, mtu aliyetupa chanjo ya ugonjwa huo. Mvua bado, mbao zimekauka vizuri, na banda liko tupu kwa kuwa mwenyewe amepelekwa kuchanjwa. Funua paa, toa matandiko yote uyachome, piga maji ya moto kwenye viungo, acha jua liingie mpaka jioni. Paka rangi ncha zilizochubuka. Tia mafuta bawaba na pete, ukague waya kwa kitambaa mkononi, maana uzi mmoja ukikatika utanasa kitambaa kabla haujamchana mbwa. Akirudi kwa daktari wa mifugo, pima tena vidole viwili shingoni kabla hujamfunga.