Hotuba ya kiongozi haipimwi kwa kuhesabu takriri

Kila muhula, walimu wa uzungumzaji hadharani vyuoni hutoa zoezi lile lile: chagua hotuba ya kiongozi wa kisiasa, uitathmini. Na kila muhula majibu huwa ya sampuli mbili. Kuna mwanafunzi anayemmiminia sifa kiongozi wa chama chake hadi ukashuku amelipwa. Kisha kuna yule anayegeuza hotuba kuwa orodha ya sokoni: takriri tano, maswali ya balagha matatu, tashbihi moja, basi. Wa kwanza anapiga kampeni, wa pili anahesabu. Tathmini yenyewe haipo.

Lawama si ya wanafunzi peke yao. Tangu shule ya upili hufunzwa kwamba mlumbi sharti awe jasiri, awe mkwasi wa lugha na ajue kutumia viziada lugha. Ni kweli. Lakini sifa hizo zikigeuzwa visanduku vya kutiwa tiki, hotuba nzuri huweza kufeli na porojo likapita.

Mpenzi msomaji, chukua hotuba aliyoitoa Mwai Kibaki alipoapishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Desemba 30, 2002. Kibaki alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, baada ya ajali ya barabarani wakati wa kampeni. Hakusimama wima wala kutembea jukwaani. Aliisoma hotuba kutoka kwenye karatasi, tena kwa Kiingereza, mbele ya umati mkubwa ambao wengi wao siasa zao huzizungumza kwa Kiswahili. Kwenye kisanduku cha viziada lugha, huyo ni sufuri. Ila nani aliyekuwapo angesema mwili wake haukuzungumza? Mtu aliyejeruhiwa anapokezwa nchi iliyojeruhiwa. Hakuna ishara ya mkono ambayo ingelishinda hilo.

Ujasiri nao haukukosekana. Daniel arap Moi, aliyekuwa akiondoka baada ya miaka 24, alikuwa pale pale akisikiliza. Kibaki alisema kwamba anarithi nchi iliyoharibiwa vibaya na miaka ya utawala mbaya na kutomudu kazi. Umati ulipokea maneno hayo kwa shangwe, na hadi leo yanatajwa kuwa makali ajabu.

Hebu yatazame tena, safari hii kwa jicho la sarufi. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa: nchi *iliyoharibiwa*. Na nani? Na *miaka*. Miaka ndiyo iliyokosa! Hakuna mtu aliyetajwa, si chama, si baraza la mawaziri. Unaweza kusema ni adabu, maana mwenyewe ameketi hapo na mgeni hasutwi mbele ya watu. Nakubali, kwa sehemu. Lakini Kibaki alikuwa makamu wa rais wa Moi kuanzia 1978 hadi 1988, na alibaki serikalini hadi Desemba 1991 alipojiuzulu na kuunda chama cha DP. Miaka mingi kati ya hiyo ilikuwa yake pia. Kauli ya kutendwa ilimsitiri anayeondoka, ikamsitiri na anayeingia.

Mahali pengine hotuba ilitangaza kwamba serikali haitaendeshwa tena kwa matakwa ya watu binafsi, na kwamba enzi ya kutoa matamko ya sera kando ya barabara imekwisha. Hapo ndipo penye uzito wa hotuba nzima, kwa maoni yangu. Kila Mkenya wa wakati huo alijua barabara ipi inasemwa na nani alikuwa akisimamisha msafara hapo. Taswira moja tu ya barabarani ilibeba hoja nzima kuhusu utawala wa sheria. Cha ajabu ni kwamba kando ya barabara ndipo mwananchi aliposemeshwa kwa Kiswahili. Ofisini sera ziliandikwa kwa Kiingereza. Hotuba ilifunga mlango mmoja bila kusema mwananchi ataingilia wapi.

Halafu kuna ahadi ya kuwatoa Wakenya nyikani na kuwafikisha nchi ya ahadi. Umati unaojua Biblia hauhitaji kufafanuliwa hilo. Lakini taswira hiyo inamtaka Musa, yaani mtu mmoja, na inagongana na ile hoja ya kutotawaliwa kwa matakwa ya mtu mmoja. Anayehesabu taswira atazitia tiki zote mbili. Anayetathmini atauliza zinaishije katika hotuba moja.

Mwanafunzi mwerevu atarukia kashfa ya Anglo Leasing, aseme hotuba ilikuwa ya uongo kwa kuwa iliahidi ufisadi utakoma kuwa desturi. Mwingine atajibu kwamba masomo ya msingi bila malipo yalianza Januari 2003, kwa hivyo ilikuwa ya kweli. Wote wawili wanaihukumu serikali. Swali la darasani ni dogo zaidi, na gumu zaidi: msikilizaji makini angesikia nini siku ile ile, kabla ya lolote kutokea?

Mimi ningeipa alama za juu kwa ile barabara, na kwa kuyasema yale Moi akisikia. Ningeipunguzia kwa mtendaji aliyefichwa. Kwa mnaopewa zoezi hili muhula huu: chagueni hotuba ya kiongozi mnayempigia kura, mpigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha mtafute nani alitenda.