Fuso Ndilo Lililochagua Njia

Maandamano ya Ekaristi ya mwaka huu mliyaona wenyewe, kwa hiyo sitasimulia yalivyoanza. Nakwenda moja kwa moja pale yalipoharibikia: njia panda ya duka la dawa. Kila mwaka hapo tunakata kushoto kuingia mtaa wa ndani, mwaka huu tukanyoosha na lami. Aliyeamua vile alikosea, na huhitaji kusoma seminari kuliona hilo.

Tulitazame tukio taratibu. Mbele kabisa, mbele hata ya msalaba, lilikuwepo Fuso la matangazo: jenereta, mikisa, spika zenye kimo cha mtu mzima, mwimbishaji, na kinanda (nitarudi kwenye kinanda). Nyuma yake msalaba na mishumaa, vyama vya kitume na bendera zao, Utoto Mtakatifu na vikapu vya maua, watoto wa Komunyo ya Kwanza, kwaya, watumishi wa altare, vyetezo viwili, ndipo kanopi na Baba Paroko na monstransi. Baada ya hapo sisi wengine wote.

Fuso lilipofika njia panda, dereva akachungulia ule uchochoro. Banda la chipsi upande huu, nguzo ya umeme upande ule, nyaya zimening'inia. Dereva simlaumu, gari lile lisingepita. Mjumbe wa kamati aliyekuwa amesimama pembeni akampungia mkono: nyoosha! Ikawa imeisha hivyo. Kanopi ilikuwa bado mita kama 150 nyuma. Paroko aliyeinua monstransi usawa wa uso haoni zaidi ya mgongo wa mwenye chetezo, anakwenda anakopelekwa. Sisi wa nyuma tulikuwa na tangazo la Jumapili kichwani: altare ya tatu, mtaa wa ndani, kushoto. Nusu yetu tukakata kushoto. Kwa muda parokia moja ikawa na maandamano mawili, ya lami yenye Ekaristi na spika, na ya uchochoroni yenye watu na rozari.

Waliokata kushoto walikuta nini? Njia imefagiliwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Makuti ya kijani yamepindwa kuwa upinde. Kanga zimefunika ua wa mabati kuanzia mwanzo hadi mwisho. Meza ina kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hadi mistari ya mikunjo inaonekana, na mishumaa imewekwa ndani ya chupa za maji zilizokatwa shingo ili upepo usiizime. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki kilichowekewa mto, ameketi bibi ambaye jumuiya yake ilimtoa ndani asubuhi ile kwa kumbeba, maana miguu haimfikishi tena kanisani. Yule bibi ndiye sababu ya kutoka nje na Sakramenti. Kama tunataka kuiabudu mbele ya watu wenye afya na viatu vilivyong'arishwa, hiyo tunaweza kuifanya humo humo kanisani chini ya feni.

Kuna waliosema njia ni jambo dogo, muhimu ni sala. Sikubali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 944, inataja maandamano katika barabara za hadhara kama ushuhuda wa wazi wa heshima kwa Ekaristi, na inamwachia askofu kuweka taratibu zake. Mwongozo wa Roma wa mwaka 1973 unaruhusu vituo vya baraka njiani pale ilipo desturi. Desturi hapa ipo. Na tukirudi nyuma zaidi, Askofu Mamertus wa Vienne, huko Gali ya karne ya 5, alipowatoa watu wake nje kwa litania siku za kabla ya Kupaa, alianzisha mazoea ambayo baadaye huko Uingereza yaligeuka kuwa ya kuizunguka parokia mpaka kwa mpaka, mashamba na vichaka vyote. Hakuna aliyechagua kupita palipo rahisi. Anayeizunguka parokia anaufuata ukingo wake, na ukingo wetu uko uchochoroni, lami iko katikati.

Wapo pia wanaotutajia Roma. Eti mbona hata mapapa walitumia gari? Kweli, Yohane Paulo II katika uzee wake, na Benedikto XVI baada yake, walipiga magoti mbele ya monstransi juu ya gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini gari lile lilikuwa limeibeba Ekaristi, halikubeba kinanda. Tena barabara waliyopita, ya Merulana, imenyooka na ni pana, na gari liliifuata njia iliyopangwa. Mwaka 2025 Papa Leo XIV aliibeba monstransi mwenyewe kwa miguu kutoka Basilika ya Laterani hadi ile ya Maria Mkuu. Mwenye kutaka mfano wa Roma na auchukue mzima.

Sasa sauti, maana huu ndio ugonjwa wenyewe, na nimeupigia kelele miaka. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 170 nyuma ya spika anausikia wimbo ukiwa umechelewa nusu sekunde. Anaimba alichokisikia, na sauti yake inachelewa nusu nyingine kurudi mbele. Sekunde nzima! Ndiyo maana kila ubeti mbele walikuwa wameumaliza na nyuma tukiwa bado tunaburuta neno la mwisho, na kinanda, ambacho hakimsubiri mtu, kikakimbilia ubeti unaofuata. Wengine wakaona aibu wakanyamaza, wakatoa simu kupiga picha. Dawa haikuwa kuongeza ukubwa wa spika. Spika inakaa katikati, mbele kidogo ya watumishi, na sauti yake inagawanyika pande zote mbili. Kirikuu kimoja kinatosha. Hata guta lenye betri na spika mbili za tarumbeta linatosha, na lingepita kati ya chipsi na nguzo bila kugusa kitu.

Katekista wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na kipaza sauti cha mkononi na kengele. Hakuwa na zaidi. Aliweka mwimbishaji mmoja kwa kila kanda, akawakutanisha Alhamisi jioni, na mwenyewe alikuwa akipanda na kushuka pembeni mwa mstari kama mchungaji, amevaa kanzu yake na raba. Njia aliipita kwa miguu siku iliyotangulia, akahesabu mashimo, akaongea na mwenye banda alisogeze kidogo. Kengele ikilia mara moja, watu wanasimama, ikilia mara mbili, wanapiga magoti, mbele kwa nyuma kwa pamoja. Leo tuna kamati ya watu wengi wenye fulana za rangi moja na vitambulisho shingoni, na hakuna aliyewahi kuipita njia ile.

Wabeba kanopi walipokezana vizuri, wenye vyetezo hawakuishiwa moto, na trafiki walituheshimu. Nawapongeza.

Hoja ya mwisho ya kamati ni muda: tulikuwa tumechelewa, kwa hiyo kuiruka altare ya tatu kuliokoa dakika. Dakika zipi? Tuliporudi kanisani na kupokea Baraka ya Sakramenti Kuu, mnada ulianza papo hapo, na jogoo mmoja aliuzwa, akarudishwa, akauzwa tena na tena, hadi wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nimewahi kuandika kuhusu mnada na nikaambiwa sipendi maendeleo ya parokia. Naandika tena. Muda wa jogoo ulikuwepo, wa yule bibi ukakosekana.

Ilikuwa bado inawezekana kurekebisha. Kanopi ilipofika njia panda, mtu mmoja mwenye akili timamu angemwambia Paroko sikioni, "Baba, kushoto." Fuso lingeenda zake na lami, tungelikuta mbele ya kanisa. Kengele ya watumishi ilikuwepo, kwaya ina mapafu. Hakuna aliyethubutu, kwa sababu siku hizi tunaamini kwamba bila spika hakuna ibada.

Nasikia kwa mwakani wanaulizia gari kubwa zaidi, lenye jukwaa. Kabla hawajalipa kianzio, wachukue futi ya fundi waende wakapime ule uchochoro.