Mafuta Hayakuiponya Ngozi ya Vitabu

Shika kitabu cha miaka ya 1880 chenye jalada la ngozi, na vidole vitatoka na unga mwekundu. Uti wa kitabu umepasuka, bawaba za jalada zinamomonyoka. Si mdudu wala ukungu. Ngozi inaliwa na tindikali.

Ubovu ulianzia kiwandani. Katika karne ya 19 wasindikaji wengi wa ngozi wa Ulaya walihamia kwenye magome ya miti ya bei nafuu, ambayo tanini yake, ile kemikali inayosindika ngozi, hufyonza kwa urahisi moshi wa salfa kutoka kwenye makaa na taa za gesi, na moshi huo hugeuka tindikali ndani ya ngozi. Tanini ya miwati, miti ile ile inayolimwa Njombe, imo katika kundi hilo. Kwa soli ya kiatu inafaa sana. Kwa jalada la kudumu karne mbili, hapana.

Tiba iliyopata umaarufu ilitoka British Museum: gramu 200 za mafuta ya sufu ya kondoo, gramu 15 za nta ya nyuki, mililita 30 za mafuta ya mwerezi, vyote vikayeyushwa katika mililita 330 za heksani. Maktaba nyingi zikapaka kwa miongo mingi. Ngozi ililainika na kung'aa, kila mtu akaridhika. Lakini mafuta hayazimui tindikali. Yalinasa vumbi, yakaitia ngozi weusi, na mengine yakarudi juu kama ukungu mweupe. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kuuona ukavu kama ugonjwa wenyewe, wakati ulikuwa dalili tu.

Leo wahifadhi wengi wameacha kupaka. Unga hufungwa kwa selulosi maalumu iliyoyeyushwa katika spiriti, ikipakwa nyembamba kwa brashi laini. Spiriti, kwa sababu tone la maji kwenye ngozi iliyooza hivyo huacha doa jeusi, gumu, lisilotoka tena. Kisha kitabu huingia kwenye boksi lake, mbali na joto na jua.

Basi mwenye mkoba wa ngozi wa babu aukague kwanza kwa kitambaa cheupe kikavu, kwenye mshono, bila kusugua. Kikitoka na unga mwekundu, asitie maji wala kiwi. Kikitoka safi, brashi laini inatosha. Akitaka krimu, iwe kidogo, mara chache, na ianze kujaribiwa chini ya mkoba, pasipoonekana.