Sikio Bovu la Kaizari

Anguko lenyewe hatulioni. Wengi tuliosoma Juliasi Kaizari tunakumbuka visu, damu na hotuba ya Antony, tunasahau kwamba kabla ya visu, katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, Kaizari anaanguka sokoni mbele ya umati, povu mdomoni, kauli imekatika. Shakespeare hakulileta tukio hilo jukwaani. Tunalipata baadaye kwa Casca, anayelisimulia kwa kejeli akijibu maswali ya Brutus na Cassius. Mgonjwa ameshapita na watu wake. Waliobaki ni wasemaji watatu, na kila mmoja ana sababu yake.

Casca analaumu harufu ya vinywa vya makabwela waliokuwa wakishangilia: hewa ilichafuka, mtu akadondoka. Brutus, mpole siku zote, anataja jina la maradhi: ana ugonjwa wa kuanguka. Cassius anakataa. Kaizari hana ugonjwa huo, anasema, wenye kuanguka ni sisi. Hewa, tiba, siasa. Hakuna hata mmoja anayeona ajabu kwamba mwenye mwili hakuulizwa.

Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake kwa mara ya kwanza 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akaipitia upya na kuitoa tena 1969. Kwetu Mara kitabu hicho ni cha nyumbani: mtafsiri alizaliwa Butiama 1922 na amezikwa Butiama. Kwa kawaida kinasomwa kama kitabu cha uongozi na usaliti, na darasani sikuwahi kusikia vingine. Mimi ninakisoma kama mgonjwa. Nina miaka mitatu ya kizunguzungu kisicho na jina, na kwa kichwa kinachozunguka tamthilia ile inakuwa nyingine.

Si kuzimia. Nikigeuka kitandani chumba huondoka kidogo, kisha hurudi kwa kuchelewa. Siku nyingine sakafu inakuwa kama mtumbwi uliofungwa pale Mwigobero: hauendi popote, lakini hautulii. Nimeacha kupanda bodaboda. Ngazi za maktaba ninazishuka kama bibi harusi, hatua moja moja, mkono ukutani, na wenzangu wanadhani ni maringo.

Wasemaji wangu nao wapo. Mjomba wa Bunda, anayeuza vipuri vya pikipiki, ndiye Casca: ni hewa ya mjini, na simu. Bibi yangu Butiama ni Cassius kwa namna yake. Kwake ugonjwa huu si wangu, ni wa ukoo. Kuna jambo halikumalizwa kabla babu hajafa, na mimi ndiye niliyeangukiwa nalo. "Mjukuu wangu, kichwa hakizunguki bure." Musoma nimepimwa malaria, wingi wa damu, sukari, presha na mimba. Mimba nimepimwa mara nne, mara moja nikiwa na jibu la juzi yake mkononi. Mwishoni daktari kijana, Brutus mtupu kwa upole, akaandika kwamba nina wasiwasi. Ni kweli nilikuwa nao. Nani asingekuwa nao?

Siwadharau. Upungufu wa damu huleta kizunguzungu, malaria huleta, presha huleta, na mkoa wetu malaria unaijua vizuri. Hata bibi ana hoja ambayo tiba ya hospitali haina, kwamba mtu mmoja akiugua, nyumba nzima ina la kujibu. Kinachonisumbua ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza swali dogo: kinazunguka vipi? Wewe ndiye unayezunguka au chumba? Sekunde ngapi? Ukigeukia upande gani?

Kuna kipimo kinachoanzia kwenye swali hilo. Dix na Hallpike walikieleza mwaka 1952. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kinageuzwa upande mmoja, analazwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, na mpimaji anatazama macho. Mboni zikicheza kwa namna fulani, inajulikana kwamba chembe ndogo za chokaa ndani ya sikio zimehama mahali pake. Hakihitaji mashine, kinahitaji kitanda na mtu anayekijua. Mimi nilifanyiwa mwaka wa tatu. Macho yangu yalitulia tuli. Nilitoka na jibu la hapana, na nilifurahi siku nzima, kwa sababu mtu alikuwa ameyatazama.

Sehemu ya lawama ni ya lugha, au tuseme ya jinsi tunavyoitumia. Kamusi zina kisunzi na masua, lakini chumba cha daktari kinajua kizunguzungu tu. Neno hilo limebeba mzigo mkubwa mno: njaa, jua kali, pombe, mchezo wa watoto wa kujizungusha hadi waanguke, na mapenzi, nusu ya nyimbo za bongo fleva zimeshapata kizunguzungu na hakuna aliyelazwa. Ukilitamka mbele ya mhudumu, ameshasikia kitu kingine kabla hujafika kwenye kitenzi.

Mtafsiri wa Shakespeare anakwama karibu na hapo hapo. Kwa Kiingereza cha tamthilia ile, ugonjwa unaitwa kwa tendo lake, kuanguka, na ndiyo maana Cassius anaweza kuupindua ukawa siasa. Kiswahili kina kifafa. Ukiandika kifafa umesema ukweli wa daktari, lakini mzaha wa Cassius umekufa, kwani hakuna kuanguka ndani ya neno hilo. Ukiandika kuanguka, Cassius anapata neno lake na Brutus anapoteza ugonjwa. Mwenye nakala akatazame Mwalimu alivyoamua. Mimi ninalopenda ni kwamba tatizo lenyewe linaonyesha jinsi jina la maradhi linavyokuwa mali ya anayelitamka.

Cassius ndiye ninayemchukia zaidi, na si kwa sababu ya kisu. Mapema katika onyesho hilo hilo anamsimulia Brutus jinsi Kaizari alivyoshikwa na homa Hispania, akatetemeka, akaomba maji kama msichana mgonjwa. Huo ndio ushahidi wake kwamba mtu huyu hafai kutawala. Nimekuwa msichana mgonjwa katika foleni nyingi, na najua sauti ile ya kuomba maji inavyosikika masikioni mwa watu wazima wenye haraka.

Lakini kuna mstari mmoja ambao wahakiki wa siasa wanauruka, nao ndio ulionifanya niandike. Kaizari anamwambia Antony kwamba Cassius ni mtu wa hatari, kisha anajisifu kwamba yeye haogopi, maana yeye ni Kaizari. Hapo hapo anaongeza: njoo upande wa kulia, sikio hili ni kiziwi. Sikio hilo halimo kwa Plutarch, ambaye Shakespeare alimtegemea. Amelitia mwenyewe.

Madaktari wamelirukia. Mwaka 1861 huko Paris, Prosper Ménière alionyesha kwamba kizunguzungu kikali kinaweza kutoka sikioni wala si kwenye ubongo. Maradhi yenye jina lake huja na mizunguko, mlio na kupungua kwa usikivu. Mwaka 1958 Terence Cawthorne, bingwa wa masikio wa Uingereza, aliunganisha anguko la Kaizari na ugonjwa huo. Mwaka 2015 Galassi na Ashrafian wa London wakasema hapana, ni viharusi vidogo. Mtu amekufa zaidi ya miaka 2,000 na bado anapewa rufaa. Ninawaelewa, kwa sababu mimi pia usiku nimesoma kila kitu chenye neno sikio. Ila kama usomaji wa tamthilia, naona wanarudia kazi ya Brutus: wanataka jina.

Tazama Kaizari anachosema hasa. Hataji chanzo, na wala halalamiki. Anatoa maelekezo: njoo upande huu. Hapo pekee katika onyesho zima ndipo tunapomsikia yeye mwenyewe akiusemea mwili wake, na anamwambia rafiki ambaye ana la kufanya. Hivyo ndivyo tunavyosema sisi tulio nao. Nishike mkono wa kushoto. Niachie siti ya dirishani kwenye hiace, mpaka Makutano tu. Usiniite kwa nyuma. Lugha hii tunaizungumza kila siku na fasihi yetu haijaiandika vya kutosha, kwa sababu masimulizi yetu ya ugonjwa, ya kanisani na ya magazetini, yanaanzia kwenye maumivu na kuishia kwenye uponyaji, na asiyepona anasubiri zamu yake nje ya ukumbi.

Aliyekaribia zaidi ni jirani yetu. Ukivuka kwa kivuko kutoka Kisorya, wilayani Bunda, unafika Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Kichwamaji yake ya 1974 ina vichwa vinavyougua, lakini Kazimoto anajiua na hadithi inajifunga. Miaka 17 baadaye akaandika Mzingile, na wataalamu wa mwili, kwa bahati njema, huliita sikio la ndani, linaloshika mizani yetu, kwa neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo. Wenzangu darasani wanaichukia riwaya hiyo pamoja na Nagona: haieleweki, wanasema, njia hazifiki, muda haunyooki. Mimi nilipoisoma nimelala chali niliona ni uhalisia mtupu.

Nirudi kwa Casca, kwa sababu ripoti yake haijaisha. Anaulizwa kama Cicero alisema kitu. Alisema, anajibu, lakini kwa Kigiriki. Waliomwelewa walitabasamu wakatikisa vichwa, yeye hakuambulia kitu. Mara ya mwisho nilipopimwa, madaktari wawili walizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu, taratibu, kama watu wanaodhani mwanafunzi wa fasihi haelewi. Mmoja alitabasamu. Kisha akaandika kwenye cheti changu neno lao la kizunguzungu, na mbele yake alama ya kuuliza. Bibi aliponiuliza nimeambiwa nini, nilimwonyesha. Hasomi Kiingereza, lakini alama ile anaijua. Aliitazama, akanirudishia cheti, akahamia upande wangu wa kushoto tukatoka nje.